Karai Lililong'aa Mno

Tone moja la maji laanguka gizani. Kimya. La pili. Nyuma ya nyumba, dumu lililotobolewa kwa sindano linadondosha maji kwenye karai kuukuu, na Mama Nyuki, kama mtaa unavyomwita, amesimama mlangoni, shuka mabegani, ametega sikio.

Si maji tu anayoyasikiliza. Ni mzinga pia.

"Wakivuma hivi, wanapepea, wanapoza nyumba yao," anasema kwa sauti ya chini, kama anayechelea kuamsha mtoto. "Nikikuta kimya, najua wamehama."

Kimya hicho anakijua. Alikuwa na mizinga minne. Joto la kiangazi kilichopita liliwafukuza nyuki wa mitatu. Akabaki na masega matupu yanayotafunwa na nondo. Huu mmoja ndio unaomlisha yeye na binti yake wa miaka mitano.

Sasa hofu imebadili sura. Wiki iliyopita alikuta karai hili wanalonywea nyuki limeota ukijani, linanuka tope. Naye kwa usafi hajambo: akalisugua kwa sabuni mpaka likang'aa. Nyuki wakalisusa. Wakahamia bombani kwa jirani yake, mzee dobi, penye maji yaliyotuama.

"Nilidhani nawatendea wema. Kumbe maji wanayafuata kwa harufu. Mimi nikawafutia njia."

Juzi nyuki mmoja alimchoma mjukuu wa dobi chini ya jicho. Uso ukaumuka, jicho likafumba. Dobi hakupiga kelele. Alikuja na chupa ya dawa ya kunguni, akaketi, akaiweka miguuni.

"Binti yangu, watu husema fuata nyuki ule asali. Mimi wananifuata wao, nami nakula miiba tu."

Akampa muda mpaka leo. Jua likipanda akawakuta tena bombani, atapuliza.

Mama Nyuki hamlaumu. Anasema angekuwa yeye, na ule uso ni wa mwanawe, asingengoja hata hiyo leo.

Jana jioni alimsihi mzee afunge bomba na kukausha pale chini. Mzee akanung'unika, akafunga. Mama Nyuki akachota tope lile lile la bombani na mawe yake yenye ukijani, akayapanga karaini ili nyuki wapate pa kusimama wasizame.

Kunapambazuka. Nyuki wa kwanza anatoka, anazunguka, anapita juu ya karai, anaelekea ukutani kwa dobi. Wa pili anamfuata. Mama Nyuki anafumba macho. Ng'ambo ya ukuta mzee anakohoa, na chupa inasikika ikitikiswa.

"Wakivuka kiangazi hiki, mvua zikianza nitawagawa, mzinga uzae wa pili," ananong'ona, macho bado kayafumba. "Na wa kwanza kuonja asali atakuwa yule mtoto aliyechomwa."

Binti yake amechuchumaa kando ya karai, mikono magotini, hatikisiki.

"Mama, huyu anakunywa kwetu."