Kadi ya Marehemu Mama Mdogo

Jamani, hii sijawahi kuisimulia bila kuangalia chini, na mkitaka kucheka nichekeni, nimestahili.

Ilikuwa Jumamosi, kesho yake uchaguzi mkuu, nikavuka mpaka hadi Nakonde, upande wa Zambia, kuazima toroli la kubebea mahindi, na mama mmoja wa Kizambia akaniambia, "Mayo," yaani mama kwa lugha yao, "niachie kitu cha kukuaminia," nami badala ya kuacha kadi yangu ya kupigia kura nikaacha ya mama yangu (mimi ndiye niliyekuwa mtunza kadi za nyumba nzima, si ndiye niliyesoma!), nikijua jioni narudi. Tairi la toroli likapasuka Mpemba, huku kwetu, hadi fundi anamaliza, mpaka wa nchi umeshafungwa. Jumapili asubuhi nikavuka tena, nikakuta kibanda cha yule mama wa Kizambia kimefungwa, wenyewe wako kanisani, na ibada zao hazina haraka.

Nyumbani mama ameshavaa kitenge cha sikukuu. Jina lake lilibandikwa ukutani kituoni, msimamizi mwenyewe anasali naye, lakini bila kadi hakuna kura. Nikaogopa kumwambia ukweli. Nikampa kadi ya marehemu mama mdogo, mdogo wake aliyefanana naye sana, maana mama hajui kusoma, atajuaje (akili yangu hiyo!).

Karani akasoma jina kwa sauti ili mawakala wa vyama wasikie. Wakala mmoja akaruka, "Huyu si tulimzika kabla ya Pasaka!" Vicheko vikaanza kwenye foleni, mtu wa nyuma akasema leo na maiti wamekuja kuchagua. Askari akauliza, "Bibi, kadi hii umepewa na nani?"

Nilikuwa nyuma ya mama, hatua moja tu. Nikainama nikajifanya natafuta kitu kwenye mkoba.

Mama, mzee wa kanisa ambaye sijawahi kumsikia akidanganya, akanitazama kidogo, akamgeukia askari, akasema, "Nimeichukua mwenyewe, mwanangu." Wakamtoa nje. Karani akaita anayefuata, na anayefuata ni mimi, na nilipiga, jamani, nilipiga kura.

Nje nilimkuta amekaa juu ya jiwe, peke yake. Akakishika kidole changu chenye wino.

"Wewe wamekukubali?"

"Ndiyo, mama."

"Basi twende nyumbani."

Wiki iliyofuata aliomba uzee wa kanisa apewe mwingine, hakusema sababu, nami sikuisema. Nimeapa sitamwamulia tena mtu mzima jambo lake, lakini kiapo hicho nimekila wakati uchaguzi mwingine umeshafika, na mama hakuufikia.