Kioo cha Kunyolea Shambani kwa Paulina

Paulina wa kwetu Chamwino haogopi nyoka wala fisi, na ukimwambia shamba lake la zabibu lina magugu atakujibu mpaka ujute. Ndiyo maana Agosti ile alipoanza kuogopa, sisi majirani nasi tuliingiwa na hofu.

Alikuwa ameona alama ya moto kwenye ukuta wa nyasi wa kibanda chake cha kulindia ndege. Mstari mweusi, mwembamba kama kidole, ulikuwa umeunguza nyasi ukazimika. Kesho yake akakuta mwingine, juu kidogo ya ule wa kwanza. Nyayo hakuna, njiti ya kiberiti hakuna. Kisha akarudi kutoka kuchota maji akakuta moshi bado unatoka.

Mtu mwenye hofu hutafuta wa kumlaumu, na Paulina alimpata upesi: Elisha, shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, aliyewahi kudai sehemu ya shamba hilo. Alimtaja kisimani mbele ya watu. Elisha, mpole yule, mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuchoma mkaa, akaanza kuitwa mchawi anayewasha moto akiwa amekaa kwake. Vijana wakaapa kwamba moto ukitokea tena, nyumba yake nayo itawaka, na yeye akiwa ndani.

Mchana mmoja Paulina akajificha katikati ya mizabibu, panga mkononi, ili amwone kwa macho yake. Hakuja mtu. Ila kwenye nyasi za kibanda kulikuwa na nukta ya mwanga, ndogo kama punje ya mtama, nyeupe hata macho yanauma. Ikaanza kufuka moshi. Alitaka kukimbia, lakini aliogopa zaidi kutojua. Akaifunika kwa kiganja, ikamuunguza. Akageuka kuona inakotoka, akakutana na uso wake mwenyewe, mkubwa kuliko kichwa cha ng'ombe, umemtumbulia macho kutoka kwenye nguzo iliyo kando ya kibanda.

Kilikuwa kioo cha kunyolea cha marehemu. Wenye zabibu hapa hutundika sidii za zamani za muziki zimetemete na kuwatisha ndege, na Paulina, sidii zilipomwishia, alikipigilia kioo hicho kwenye nguzo hiyo. Sidii ni bapa, haiukusanyi mwanga. Kioo kile kimebonyea katikati ili kukuza uso. Mwanga wa jua ukikiangukia, hurudi wote na kukutana kwenye nukta moja, na jua likisogea, nukta nayo inatambaa. Aliyekuwa akiwasha moto ni Paulina mwenyewe.

Lakini jirani mmoja alishauona moshi, akawaambia vijana. Walikuwa wameshafika kwa Elisha, na dumu la petroli.

Paulina alikimbia na kioo kifuani. Akatukuta tumejaa uani, Elisha ameketi chini katikati ya vijana. Akaeleza, hatukuelewa. Akainua kioo atuonyeshe, wingu likafunika jua. Tulisimama tukitazama juu, na sijawahi kulichukia wingu namna ile. Elisha peke yake hakutazama juu. Alikuwa akitazama dumu.

Jua likatoka. Paulina akalenga kipande cha gunia, kikafuka, kikawaka. Hakuna aliyeshangilia. Watu walirudi nyuma, kwanza mmoja, kisha wote, na macho yaliyokuwa kwa Elisha yakahamia kwa Paulina.

"Kumbe mchawi ni huyu," mtu akasema kwa nyuma.

Paulina akaelewa, akakishusha kioo. Tangu azaliwe hakuwahi kuogopa vile.

Hapo Elisha akasimama, akajikung'uta vumbi, akamwendea.

"Nipe, shemeji."

Alivua kofia yake ya ukindu, akaielekezea kioo, akasubiri nukta itulie, mpaka kofia ikatoboka na moshi ukapanda usoni mwake. Kisha akamnyooshea kioo kijana mwenye dumu.

"Sasa jaribu wewe," akamwambia.

Kijana alilipeleka dumu mbali kwanza, akaliweka chini, ndipo akarudi kukipokea.