Mahali Palipofichwa Salamu za Ng'ombe

Mume wangu alikuwa na kibanda pale Mubi, cha kuandikia watu barua na kupiga fotokopi. Sisi ni watu wa Burungu, watu wa maharage na muhogo, na wateja wake wengi walitoka huko kwetu kutafuta kazi machimboni. Kila barua ya kwenda nyumbani iliisha kwa salamu zilezile. Alipochoka kuzirudia, aliifundisha kompyuta: ukiandika sl tu, inajaza yenyewe "salamu kwa wazee, watoto, majirani na ng'ombe wote".

"Papa, mimi niko na mbuzi moja tu!" mteja mmoja alilalamika.

"Iache. Njo baraka hiyo, ng'ombe watakuja."

Ukurasa wa kuandikia aliuweka rangi ya njano hafifu, na maandishi ya kwenye kioo cha kompyuta akayakuza sana, maana macho yake yalikuwa yamechoka.

Alipofariki, nilirudi kibandani baada ya matanga. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, alikuwa ameondoa jina la marehemu la kufungulia kompyuta na kuweka langu.

"Shemeji, sikupenda ukuwe unaona jina yake kila asubui."

Nilimshukuru. Kisha nikafungua: ukurasa mweupe, herufi ndogo. Nikaandika sl, ikabaki sl. Barua zote zilikuwepo, alikuwa amezihamisha. Lakini mashine haikunijua. Nililia kuliko nilivyolia kaburini, na sioni haya kusema hivyo.

Tukaibeba kwa fundi wa simu na kompyuta, ng'ambo ya barabara.

"Mama, programu iko ya watu wote," alisema. "Lakini mazoea ya kila muntu yanakaa mu folda yake mwenyewe, yenye kufichwa. Jina yake inaanza na nukta, njo maana hamuioni." Akamgeukia shemeji. "Mashine ilikuuliza kama ifute na vitu vya marehemu?"

"Iliniuliza. Niliogopa, nikasema hapana."

"Woga yako imeokoa nyumba, kaka!"

Nilielewa kwa njia yangu. Chungu ni cha nyumba nzima, lakini wembe wa mume wangu ulikaa juu ya ukuta, chini ya bati, na aliyepajua ni mimi tu.

Fundi akanakili vitu vya folda ile upande wangu. Akanionya kwamba nikinunua kompyuta ya aina nyingine, kama yake, nisivitafute mahali palepale. Huko vinakaa katika folda iitwayo AppData, nayo imefichwa vilevile. Kwa nini watengenezaji hawakupatana mahali pamoja, alinieleza. Sikuelewa.

Nikafungua. Njano. Nikaandika sl, na ng'ombe wote wakaja. Shemeji akacheka huku akijifuta macho.

Herufi nilizipunguza juma lilelile, kwa kuwa macho yangu bado mazima. Rangi niliiacha. Na juzi mteja mmoja wa Kibua, nilipomsomea barua yake, alinikatiza.

"Mama, siko na ng'ombe."

"Iache," nikamwambia.