Kochi la Biasha

Bimkubwa wa kijiji cha Kanga alikuwa na dharau, wala hakuona sababu ya kuificha. Aliwadharau wavivu, aliwadharau wanaotia mchanga kwenye mwani ili uzito uongezeke, lakini waliomchefua kupita wote ni watu wanaotembeza shida zao. "Ukiwa na njaa, funga mlango," alizoea kusema. "Asiyekusitiri usimpe la kusimulia."

Kwa hiyo Husna, bintiye wa pekee, alipopiga simu kutoka chuo kikuu huko Dar es Salaam kusema kwamba Dokta Haruni, mkuu wa kundi lao la masomo, anakuja kisiwani Mafia kuitembelea nyumba yao, Bimkubwa alifanya ambalo kila mwanamke wa Kanga angelifanya. Aliazima kwa mashoga zake. Kochi la Biasha likaja juu ya mkokoteni. Mwanamkuu akaleta zulia jekundu, lile la harusi ya mwanawe. Arafa akatoa friji, ikasimamishwa pembeni na kitambaa cha kufuma juu yake. Hakuna aliyeuliza vitu vitarudi lini. Mwenye kuazimwa hataji, na aliyeazima hatangazi. Ndivyo watu wanavyositiriana pale.

Kundi lenyewe alilidharau tangu siku ya kwanza. Chuo kilikuwa kimekusanya vijana wa sehemu zilizoachwa nyuma, wakalazwa bweni moja, wakawa wanasoma pamoja na kufundishana, na ada wanalipiwa. Likaitwa Jumuiya ya Usawa. "Usawa gani huo," Bimkubwa alisonya, "na mmetengwa kama mbuzi wa kuchinjwa?"

Hata hivyo hakuwa kipofu. Mwaka wa kwanza Husna alikaa nyuma ya ukumbi, haelewi na hathubutu kusema haelewi, mpaka hesabu zikamwangusha. Kundini akakuta wenzake nao hawaelewi. Wakawekeana sharti kwamba hakuna kuondoka mezani kabla kila mmoja hajauliza swali. Mtoto akafaulu. Balaa ni kwamba alirudi likizo na maswali mdomoni, mama kwa nini hivi, mama nani kasema, hata Bimkubwa akafoka: "Nimekulea ujue mkubwa hahojiwi, wao wanakufundisha kuhoji!" Lakini usingizi wake uliharibiwa na hofu moja tu, Husna asije akatolewa kundini, maana nje ya kundi hapakuwa na ada wala chuo.

Dokta akaingia asubuhi, na Husna, na mpiga picha mwenye kamera begani. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu."

"Mimi mwenyewe mtu wa pwani," alisema huku akilikanyaga zulia la Mwanamkuu na viatu vyake. Bimkubwa akaviangalia vile viatu, akabetua mdomo. Mtu wa pwani! Wali wa nazi na samaki wa kupaka vikaletwa. Dokta akasema ameshakula hotelini. Kisha akatazama kochi, akatazama friji, na uso ukamshuka kama mtu aliyevunja nazi akaikuta mbovu.

"Mama, niseme ukweli. Wafadhili wanataka kuona familia zenye uhitaji. Ninyi Mwenyezi Mungu amewajalia. Nafasi ya Husna, nadhani tumpe mwenye shida zaidi."

Jikoni vyombo vikanyamaza. Biasha, Mwanamkuu na Arafa walikuwa huko, maana ndio waliokuja kupika. Bimkubwa aliona aibu imemsimamia mgongoni. Ajivue nguo mbele ya mashoga zake, au mtoto arudi kufunga mwani kwenye kamba? Akamchukia yule mwanamume kwa kumlazimisha kuchagua hivyo.

"Kochi la Biasha," akasema, kila neno akilitema. "Zulia la Mwanamkuu. Friji ya Arafa, na ungekuwa na macho, dokta mzima, ungeona waya wake haukuchomekwa popote. Changu humu ndani ni huyu mtoto."

Uso wa Dokta ukachangamka, na hapo ndipo Bimkubwa alipomdharau kweli kweli. Alikuwa amefurahi! "Vizuri sana, mama! Hebu rudia hayo mbele ya kamera. Na kilio kikija, usikizuie."

"Nirekodini mimi," Husna alisema. Akakaa kwenye kochi la Biasha, akangoja kamera iwashwe.

"Kundi limenifaa," akaanza. "Limenifundisha nisiondoke mezani bila kuuliza. Basi nina swali, Dokta. Kwenu pwani, wageni walipokuja, vitu vilitoka kwa nani?"

Karipio lilimjia Bimkubwa mpaka ulimini, mkubwa hahojiwi. Akalimeza.

Dokta alikohoa. Alitazama mlangoni, akatazama miguu yake, na hapakuwa na mtu wa kumsaidia. "Zima," akamwambia mpiga picha. Kisha kwa sauti ndogo: "Vikombe kwa Bi Zuena. Na meza. Mama yetu alituonya tusiseme." Akamgeukia Bimkubwa. "Nafasi ya Husna haiguswi."

Hakuna aliyemshukuru. Jikoni mtu akaanza tena kugongesha vyombo.

"Basi vua viatu," Bimkubwa akamwambia. "Zulia la watu hilo."

Akavua.