Tanuri la Ubavuni mwa Nyumba ya Bibi

Jumanne iliyopita nilirudi Kinondoni, mtaa niliokulia, nikiwa na bahasha ya kaki kwapani. Nilisimama kwanza upande wa pili wa barabara, nikajifanya natafuta kitu kwenye mkoba. Nakwambia kweli, rafiki yangu, ningeweza kusimama pale mpaka adhuhuri. Siku hizi nimechoka, na mtu aliyechoka hata kuvuka barabara anaahirisha.

Ng'ambo yangu ilikuwa bekari. Ni chumba kirefu ubavuni mwa nyumba ya bibi mzaa baba, chenye tanuri la matofali linalokula kuni. Babu alimpangisha Mwarabu mmoja zamani, baba yangu akiwa bado hajaoa, na mwana wa Mwarabu yule ndiye tuliyemkuta sisi. Watoto tulimwita Ami, mtaa mzima ukafuata.

Asubuhi zetu zilianza kwa sauti ya ubao wake mrefu wa kuchomolea mikate ukikwaruza sakafu ya tanuri. Harufu ilipenya dirishani kabla jua halijatoka, nami nikatumwa kikapu mkononi kuchukua skonzi za moto. Nikirudi nilikabidhiwa ufagio, maana majivu ya Ami yaliruka ukuta na kutua uani kwetu, juu ya kanga zilizoanikwa na hata ndani ya mtungi ukisahau kuufunika. Bibi alilalamika kila siku ya Mungu. "Mwarabu huyu atanizika na majivu yake!" Lakini Ami alipougua homa siku mbili na bekari ikafungwa, bibi ndiye aliyezunguka nyumba nzima akisema hapajakaa sawa.

Sikukuu zilikuwa na utaratibu wake. Nyumba nyingi mtaani hazikuwa na jiko la kuokea, basi kila mama alichanganya keki yake nyumbani, akaipeleka kwa Ami ndani ya sufuria au treya, imefunikwa kitambaa. Hakutoza kitu. Sharti lilikuwa moja tu: keki ikitoka, kipande cha kwanza kinakatwa palepale na kubaki kwenye sahani juu ya kaunta, na yeyote anayeingia kununua mkate anakula. Tulikiita kipande cha tanuri. Sisi watoto tulikuwa tunanunua mkate mmoja mara tatu siku hiyo, tunavyojua wenyewe.

Mwaka mmoja Idi na Krismasi zilikaribiana sana, vyombo vikajaa mpaka barazani. Ami aliviandika majina kwa chaki kama kawaida yake, na moto ukala chaki yote. Tukapewa keki ya jirani yetu, mama mmoja wa Bukoba aliyekuwa karani bandarini, naye akapewa yetu. Bibi aliionja, akakunja uso, akaonja tena. Jioni mama yule akabisha hodi na treya letu, keki imebaki nusu.

"Shikamoo mama. Samahani, tumeshaila. Kwa hiliki yenu tumeshindwa kujizuia."

"Marahaba. Na sisi tumeila yako, tena tumelamba na karatasi."

Tangu hapo kila sikukuu walibadilishana kwa makusudi, mpaka bibi alipofariki.

Sasa nikueleze bahasha. Nyumba ile ilimfikia baba, na baba alipofariki ikabaki kwetu watoto watatu na mama. Miaka miwili nimekuwa peke yangu kwenye kukataa isiuzwe. Mnunuzi anataka kupandisha ghorofa, chini fremu za maduka zenye vioo, na kuni hazitakiwi hata harufu yake. Kaka yangu alinipigia kila Jumapili. "Dada, watu hatuishi kwa harufu ya mkate." Nikamjibu kwa ukali, nikajiona mtetezi wa mtaa. Lakini mtetezi mwenyewe naishi Mbweni, mkate nanunua wa kwenye mfuko wa plastiki, na sikumbuki mara ya mwisho lini nilivuka mlango wa Ami kama mteja. Hilo linaniuma kuliko maneno ya kaka.

Halafu figo za mama zikafeli. Anasafishwa damu mara tatu kwa wiki. Nilisaini Jumatatu.

Basi nikavuka barabara. Bekari ilikuwa na wateja wawili. Ami amezeeka, mikono imebaki ileile mipana, unga mpaka kwenye viwiko. Alinivutia stuli. Nikatoa barua kwenye bahasha nikamsomea yote, maana miwani yake ilikuwa imevunjika: ahame mwisho wa mwezi, na kesho yake tingatinga linaingia kubomoa nyumba, bekari na ukuta. Nilisoma mbiombio kama mtoto anayekariri somo asilolielewa.

Alijipangusa unga mikononi. "Mama anaendeleaje lakini?"

"Hajambo kidogo, Ami."

"Mpe pole sana. Mwambie namwombea."

Nilitaka anigombeze. Angenigombeza ningepumua. Nikamwambia kuna fremu huko Mbagala, nimemuulizia, watu ni wengi. Akatikisa kichwa.

"Watu wapo, mwanangu, ila hawanijui. Na mie nimechoka kujulikana upya."

Mteja mmoja akalipia mkate wake akaondoka bila kutuangalia. Nikawaza kwamba mtaa huu hauna tena bibi wala karani wa bandarini, hauna mama wa kufunika treya kwa kitambaa, na kila nyumba ina oveni yake na mlango wake umefungwa. Tulikuwa tumeshaondoka wote siku nyingi. Ami peke yake ndiye aliyekuwa bado anatusubiri pale.

Aliinuka, akaweka kiganja kwenye matofali ya tanuri, akahesabu kwa vidole.

"Siku tano za mwisho nitapunguza kuni kidogo kidogo," akasema. "Halijapoa kabisa tangu enzi za marehemu baba. Ukilizima ghafla linapasuka."

Barua ilikuwa mezani baina yetu, na neno kubomoa nilikuwa nimemsomea mimi mwenyewe, mara mbili.

"Sawa, Ami," nikamwambia. "Lipunguze taratibu."