Wimbo wa Kuku wa Jirani

Harufu ya wanga ikikutana na pasi ya moto hunirudisha Shauri Moyo mara moja, hata nikiwa nimesimama jikoni kwangu Donholm nikinyoosha sare ya shule ya mtoto. Jumamosi iliyopita harufu hiyo ilinikuta redio ikiwa imewashwa, na mtangazaji wa nyimbo za zamani akapiga ule wimbo. Nasema "ule wimbo" kwa sababu kwetu haukuwa na jina lingine. Baba aliuita takataka. Sisi wengine tukauita ule wimbo, tusije tukaonekana tunaufahamu sana.

Nikueleze ubaya wake kwanza, usije ukadhani naupamba. Kinanda chake kililia kama kengele ya baiskeli. Ngoma ilimtangulia mwimbaji, na mwimbaji hakuonekana kuwa na haraka ya kuifuata. Kiitikio kilikuwa hiki: "Wewe wangu, mimi wako, kuku wa jirani." Kuku huyo hakutajwa tena mahali popote, na mpaka leo hakuna aliyeweza kuniambia alifuata nini pale. Halafu mwishoni, pale sauti ilipotakiwa kupanda na kutulia, mwimbaji alikwama njiani kila mara.

Niliupenda kupita kiasi. Nilikuwa darasa la sita, na wimbo huo niliamka nao, nikaenda nao shule, nikarudi nao.

Tatizo ni kwamba Baba alikuwa mwalimu wa kwaya. Siku za kazi alikuwa fundi wa mifereji wa baraza la jiji, lakini pale ploti, kwenye vile vyumba vya kupanga tulimoishi, hakuna aliyemwita fundi. Aliitwa Mwalimu. Alikuja Nairobi kutoka Bungoma na sanduku moja na zile do-re-mi alizojifunza kanisani kwao, na hizo ndizo alizozithamini. Chumba chetu kilikuwa kimoja, kimegawanywa kwa pazia, na kwenye pazia Baba alibana kwa pini karatasi ya manila yenye nota za wimbo wa wiki. Kwetu wimbo haukuanzia kwenye maneno. Tuliimba kwanza do zake na so zake mpaka zikakaa sawa, ndipo tukapewa maneno. Hata Mama alituita kula kwa so na mi.

Redio ya jirani yetu, Mama Shiro, aliyeuza mitumba sokoni Gikomba, ilikaa dirishani ikitazamana na mlango wetu. Ule wimbo ukianza, aliongeza sauti.

"Mwalimu, si ukatike kiuno kidogo! Hii ngoma ni moto!"

"Mama Shiro, huyo mtu anaimba kama amekanyagwa kidole."

Ploti nzima ilicheka. Lakini kanisani Baba hakuwa na mchezo. Kijana mmoja wa besi alinaswa akiuimba chinichini ule wimbo kwenye chumba cha kuvalia majoho, naye akatolewa kwaya, akaambiwa aketi na waumini wengine mpaka sikio lake lipone. Nilimtazama pale kwenye benchi Jumapili baada ya Jumapili, nikajua yatakayonipata. Kwa sababu wakati huohuo mimi nilikuwa nimechaguliwa kuimba peke yangu kwenye tamasha la kwaya, mtoto wa kwanza kupewa nafasi hiyo. Sikuwa nimewahi kutaka kitu kama nilivyotaka hicho. Bibi yangu alikuwa ameshapanda basi kuja kunisikiliza.

Siku moja kabla ya tamasha nilikuwa nikipiga pasi joho langu. Pasi ilikuwa ya makaa, na wanga tulichemsha wenyewe kwa unga wa muhogo. Ule wimbo ukaanza kule dirishani. Nilibana midomo, ikakataa kubanika. Ndipo nikapata akili, au nilidhani nimepata. Nikauimba kwa do-re-mi. So so mi, so so mi, kila nota mahali pake, bila kuku wala jirani. Atakayenisikia atadhani nafanya mazoezi.

Nilisahau niko nyumba gani. Baba alisoma nota kama wengine wasomavyo gazeti. Alikuwa amekaa kizingitini aking'arisha viatu vya kanisani, na nikasikia brashi imenyamaza.

"Hebu rudia hapo, mama."

Aliniita mama kwa sababu nimepewa jina la mama yake, huyohuyo aliyekuwa njiani. Nikarudia, sauti ikiwa ndogo kama ya panya. Nilishaanza kutafuta maneno ya kumwambia Bibi.

"Joho linaungua," Baba akasema.

Nikainua pasi. Pindoni palikuwa na alama ya kahawia.

"Na hapo mwisho si fa," akaendelea, macho kwenye kiatu. "Yeye huishia fa kwa sababu pumzi imemwishia. Wimbo wenyewe unataka so."

Nikaimba so. Ikatulia. Baba akaitikia kwa kichwa kama afanyavyo mazoezini, akarudi kwenye brashi yake. Kesho yake niliimba, Bibi akalia, na pindo langu hakuna aliyeliona.

Miaka yote nimeamini kwamba alinisamehe, au kwamba mwalimu hawezi kuacha nota mbaya ipite. Jumamosi iliyopita, pasi mkononi, ndipo nilipoelewa. Wimbo unataka kwenda wapi huwezi kujua kwa kuusikia dirishani ukiwa umekunja uso. Lazima uwe umeufuata mara nyingi, peke yako, ukimwombea mwimbaji safari hii afike. Mimi nilikuwa na watoto wote wa ploti wa kuupenda nao. Yeye hakuwa na mtu wa kuupenda naye, na baada ya kumtoa yule kijana asingeweza tena kuwa naye. Nilimhurumia sana. Nilimkasirikia kidogo pia, kwa ajili ya kijana wa besi.

Nilimpigia Baba simu Bungoma, alikorudi baada ya kustaafu, wimbo ukiwa bado unaendelea, nikaisogeza simu karibu na redio. Baba hukata simu kabla hujamaliza kumsalimu. Safari hii alisikiliza mpaka kiitikio cha mwisho.

"Bado anaishia fa," akasema.

"Ndiyo, Baba."

"Maskini."

Na kwa ile sauti yake ya uzee, taratibu, akamwimbia so.