Kahawia ya Bingwa

Miaka kumi na tisa Mama Vioo amekata uvimbe wa mbwa vipande vyembamba kuliko ganda la kitunguu, akavibandika kwenye vioo na kuvitia rangi. Mabosi wanakuja, mabosi wanaondoka, yeye yupo. Huyu wa sasa, waliyempachika jina la Bingwa, alikuja na vyeti vya kujaza ukuta mzima na mikono isiyojua hata kuwasha mashine ya kukatia. Debe tupu haliachi kuvuma.

Bingwa alikuwa anatafuta protini moja, inayotengenezwa na jeni iliyoharibika katika saratani ya mdomo wa mbwa. Unatia dawa, dawa inainasa protini na kuipa rangi ya kahawia, kisha unahesabu seli za kahawia kwa hadubini. Zikizidi nusu, kwa kanuni aliyoitunga mwenyewe, mbwa haponi, na mwenye mbwa anashauriwa amwache achomwe sindano afe. Na kila mbwa, jamani, kila mbwa alizidi nusu! Bingwa akavimba kichwa, akaanza kualikwa mikutanoni.

Mama Vioo alijua. Uvimbe wa mdomoni mwa mbwa mara nyingi una weusi wake wa asili, na weusi huo ukikatwa mwembamba unaonekana kahawia ileile. Ndiyo maana fundi anayejua kazi huufuta kwanza, tena huweka pembeni kioo kimoja kisichotiwa dawa, cha kulinganishia. Alimwambia Bingwa wiki ya kwanza.

"Mama, wewe kata," akajibiwa. "Kufikiri niachie mimi."

Haya! Akakata, akafunga mdomo. Akirudi nyumbani anamwigiza Bingwa mbele ya wifi zake, wanacheka mpaka machozi. Mwacheni, alisema, ataumbuka mwenyewe.

Kisha akaletwa mbwa wa mlinzi wa geti. Mlinzi alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Dada, nyumbani tumebaki wawili tu, mimi na huyu. Mwangalie vizuri."

Hapo Mama Vioo akachemka. Akatengeneza vioo viwili. Asubuhi, Bingwa akiwa amezungukwa na wanafunzi wake, akampa cha kwanza bila neno.

"Tisini kwa mia!" Bingwa akapiga kelele. "Njooni muone protini ilivyojaa!"

"Hicho sijakitia dawa, Daktari."

Wanafunzi wakatazama sakafu. Bingwa akakohoa, akafuta hadubini ambayo haikuwa na vumbi.

"Basi labda ni nyingi mno, inaonekana hata bila dawa," akasema. Loo, huyo ndiye msomi wetu!

Mama Vioo akampa cha pili, kilichofutwa weusi kisha kikatiwa dawa. Seli za kahawia zilihesabika kwa vidole. Sindano ikafutwa, ikaamuliwa mbwa atafanyiwa upasuaji.

Jioni, akielekea nyumbani, Mama Vioo alishuka getini kifua mbele kumpa mlinzi habari. Mlinzi alimkumbatia mbwa wake, akashukuru, akashukuru tena. Halafu akainua uso.

"Dada, haya mambo ya weusi uliyajua lini?"

"Ah, zamani. Yule mjinga ndiye hasikii."

"Kabla ya wale kumi na mmoja?"

Ni mlinzi aliyewachimbia mashimo mbwa hao waliochomwa sindano, nyuma ya maabara, mmoja mmoja, wenye mbwa wakilia pembeni. Mama Vioo alifungua mdomo. Kejeli zote alizomlimbikizia Bingwa zilikuwepo, na hata moja haikufaa.

"Niliambiwa nikate tu," akasema.

Mlinzi akaivuta kamba, akamsogeza mbwa upande wake, akamfungulia Mama Vioo geti apite.